Milwaukee wamuuze William Contreras au wamshikilie? Tupime hatari na faida ya kumtoa mdakaji

mdaka_mpira aliandika:

Wakuu, salaam. Msimu wa 2025 umeshafungwa. Brewers, klabu ya Milwaukee, walimaliza na ushindi wa mechi 97, nyingi kuliko klabu nyingine yoyote kwenye ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Wakawatoa Cubs kwa tabu, mechi 3 kwa 2, kisha Dodgers wakawapiga nne mfululizo. Tangu hapo mazungumzo ya huku Milwaukee ni yale yale: William Contreras, mdakaji wetu, auzwe sasa angali na bei, au abaki?

Najua humu wengi ni watu wa Simba na Yanga, ila wapo wadau wa besiboli ambao nimekuwa nikiwaona wakichangia kutoka Dar, Kampala, Atlanta na Minnesota. Wageni wa mchezo nao nitajitahidi nisiwaache njiani.

Msimamo wangu nauweka mapema: wasimuuze sasa. Mapenzi ninayo, sikatai, lakini hoja yangu haisimami juu ya mapenzi. Inasimama juu ya jambo moja: hakuna mtu mwingine pale klabuni ambaye tumemwona akikaa nyuma ya besi ya nyumbani msimu mzima na kazi ikaenda.

Tuanze na kazi yenyewe. Mdakaji ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mpira wa mrushaji aliye umbali wa mita 18 na kitu, mpira ambao mara nyingi unapita kilomita 150 kwa saa. Anachuchumaa na kuinuka zaidi ya mara mia kwa mechi moja. Ndiye anayechagua na mrushaji wake aina ya mpira wa kurusha, siku hizi kwa kifaa cha kubonyeza kilichoruhusiwa na ligi mwaka 2022. Mtu akichomoka kuiba besi ya pili, yaani kuikimbilia wakati mrushaji anarusha, mdakaji ana kama sekunde mbili za kuudaka mpira, kusimama na kuufikisha karibu mita 39. Halafu kuna ufundi ambao jicho la mgeni haliuoni: mpira unapita pembeni kidogo mwa eneo halali, mdakaji anaupokea kwa utulivu, glavu inauvuta ndani kidogo tu, na mwamuzi anatamka straiki, alama dhidi ya mpigaji. Hapa nitauita kuupamba mpira.

Kwa hiyo ukimnunua mpigaji, takwimu zake unaondoka nazo. Ukimnunua mdakaji, sehemu kubwa ya thamani yake imo ndani ya warushaji aliowaacha nyuma, na nyingine imo magotini.

Sasa angalieni tulivyompata Contreras, maana hapo ndipo somo lilipo. Agosti 1, 2022, Brewers wakiwa kileleni mwa kundi lao, walimtoa Josh Hader, mfungaji mechi wao hodari (mrushaji anayeletwa mwishoni kuulinda ushindi), kwenda San Diego. Kati ya waliorudi alikuwamo Esteury Ruiz, kijana wa mbio. Wachezaji waliobaki walivunjika moyo waziwazi. Timu ikamaliza na ushindi 86 na kukosa mchujo, yaani hatua ya mtoano ya kutafuta bingwa, kwa mechi moja. Nafasi ile ya mwisho waliichukua Phillies wa Philadelphia wenye 87, nao wakaenda hadi World Series, fainali ya ligi. Nilichukia dili lile kuliko lolote.

Desemba 12, 2022, likaja dili la klabu tatu. Atlanta walimtaka Sean Murphy, mdakaji wa Oakland aliyekuwa akihesabika miongoni mwa walinzi bora wa nafasi ile. Oakland wakapokea kundi la vijana. Milwaukee wakajipenyeza katikati: wakamtoa Ruiz kwenda Oakland, na Atlanta wakawaachia Contreras pamoja na mrushaji Justin Yeager, huku mrushaji Joel Payamps akitoka Oakland. Yaani Hader alizaa Ruiz, Ruiz akazaa Contreras.

Contreras alikuwa bado hajatimiza miaka 25. Msimu ule alikuwa amepiga homrani 20 (mipira iliyopigwa hadi nje ya uwanja) katika mechi 97 tu, na alianza kwenye mechi ya nyota wa ligi pamoja na kaka yake Willson. Kwa nini basi Atlanta walimwachia? Kwa sababu walimwona mpigaji anayedaka, siyo mdakaji. Mikono yake nyuma ya besi ilisemwa sana. Milwaukee waliiona kasoro ileile, ila walikuwa na jawabu: benchi lao la kufundisha wadakaji, akina Charlie Greene, walikuwa wameshamchukua Omar Narváez kutoka Seattle, mtu aliyekuwa mkiani kwa kuupamba mpira, wakamgeuza kuwa mzuri kabisa ndani ya mwaka mmoja. Walinunua kasoro wanayoijua dawa yake. Contreras akaja, ulinzi ukapanda mwaka wa kwanza tu, na fimbo, yaani upigaji, ikabaki palepale: wastani wa kupiga .289 mwaka 2023, kisha 2024 homrani 23, mikimbio 92 aliyoileta nyumbani, na nafasi ya tano kwenye kura za mchezaji bora wa ligi ya National (ligi kuu ina matawi mawili, National na American).

Sasa klabu ina haki naye hadi mwisho wa msimu wa 2027, halafu anakuwa huru. Milwaukee ni soko dogo kuliko yote ya ligi hii kwa televisheni, na mazoea yao yanajulikana. Corbin Burnes walimuuza Baltimore Februari 2024, mwaka mmoja kabla hajawa huru. Devin Williams walimuuza Yankees Desemba ya mwaka huohuo, naye akiwa amebakiza mwaka mmoja. Ukifuata kalenda hiyo, zamu ya Contreras inakaribia.

Anayetajwa kumrithi ni Jeferson Quero. Kijana ana mkono mzuri, au niseme alikuwa nao, kwa sababu mechi ya kwanza kabisa ya msimu wa 2024 kule Nashville, timu yetu ya daraja la chini, alijirusha kurudi besi ya kwanza akaumiza bega la mkono wa kurushia. Akafanyiwa upasuaji, msimu ukaishia hapo. 2025 alirudi uwanjani. Lakini bega la mdakaji halipimwi kwa wiki chache.

Karibuni. Anayetaka auzwe alete hoja, nataka kuisikia.

Shangazi_Tabora aliandika:

Mwanangu nimesoma yote hadi mwisho, na mimi mchezo huu naujua kwa mbali tu, kupitia mjukuu aliyeko Ohio. Naomba unifafanulie mawili. Klabu inakuwaje na haki ya mtu hadi 2027 bila yeye kukubali? Na hivi wanabadilishana watu kwa watu tu, hakuna ada kama ya soka?

mdaka_mpira aliandika:

Shikamoo shangazi. Swali zuri, na bila kulijua hilo uzi hauna maana.

Mchezaji akipanda ligi kuu, klabu inamshikilia kwa misimu sita ya utumishi. Mitatu ya mwanzo analipwa karibu na kima cha chini, ambacho kwa 2025 kilikuwa dola 760,000. Mitatu inayofuata mshahara unapanda kwa makubaliano, na wakishindwana wanapelekwa mbele ya jopo la usuluhishi. Baada ya hapo yuko huru kwenda anakotaka. Kwa hiyo mdakaji mzuri aliye ndani ya miaka ile sita ni mali adimu: anafanya kazi ya mtu wa dola milioni 20 kwa sehemu ndogo ya hizo. Contreras tulimpata akiwa na misimu mitano mbele yake. Ndiyo maana nasema dili lile halikuwa la bahati.

La pili, ndiyo, kwa kawaida ni mtu kwa mtu, na mchezaji haulizwi. Anapigiwa simu, anafungasha. Isipokuwa awe na kipengele kwenye mkataba cha kukataa baadhi ya klabu, au awe na miaka kumi ligini na mitano ya mwisho klabu ileile. Kisa kimoja kinatuhusu sisi wenyewe: mwaka 2016 Jonathan Lucroy, mdakaji wetu wa wakati ule, aliuzwa Cleveland, klabu zikakubaliana, naye akatumia kipengele chake akakataa. Siku iliyofuata akaenda Texas. Cleveland walifika World Series mwaka uleule bila yeye.

BesiYaPili aliandika:

Mkuu, umemtaja Lucroy ukampitia haraka, na mimi naona hapo ndipo hoja yako inapovunjika.

Lucroy alipouzwa Agosti 1, 2016, alikuwa na miaka 30. Milwaukee walipata Lewis Brinson na Luis Ortiz, na baadaye Ryan Cordell. Texas walimtumia kufika mchujo, wakapigwa tatu bila na Toronto. Mwaka uliofuata fimbo ikapoa, ule ufundi wa kuupamba mpira uliomjengea jina nao ukashuka ghafla, na Julai 2017 Texas wakamtuma Colorado wakiwa karibu hawana wanachodai. Mwaka mmoja! Magoti na mikono ya mdakaji haitoi taarifa.

Halafu tazama Milwaukee walifanya nini na Brinson. Januari 2018 walimweka kwenye kundi la vijana wanne waliokwenda Miami, wakarudi na Christian Yelich. Yelich akawa mchezaji bora wa ligi ya National mwaka huohuo. Brinson hakuwahi kuwa yule waliyemtarajia. Kwa hiyo klabu yako ilimuuza mdakaji kwa wakati, ikanunua nyota kwa jina la kijana ambaye hakutimia. Leo unataka wafanye kinyume cha kilichowajenga?

Contreras anatimiza miaka 28 mkesha wa Krismasi hii ya 2025. Tangu aje Milwaukee hajawahi kucheza chini ya mechi 140 kwa msimu. Hiyo wewe unaiona sifa, mimi naiona deni. 2025 alicheza na kidole cha kati cha mkono wa kushoto kimevunjika, mkono wa glavu, ule unaopokea kila mpira. Homrani zikashuka kutoka 23 hadi 17.

Na kuna jambo jipya. Kuanzia 2026 ligi inaingiza mfumo wa kamera wa kupinga uamuzi wa straiki na boli (mpira uliopita nje ya eneo halali). Kila timu inaanza na nafasi mbili za kupinga, ikipatia nafasi inabaki. Maana yake ule ufundi wa kumshawishi mwamuzi unapungua bei. Kama sehemu ya thamani ya mdakaji inayeyuka, mwenye akili anauza kabla soko halijang'amua.

mdaka_mpira aliandika:

BesiYaPili, umeleta hoja za kweli na nitazijibu kwa heshima.

Kuhusu Lucroy na Yelich sina ubishi, ni dili zuri. Lakini angalia walikuwa wapi walipomuuza. 2016 Milwaukee walikuwa wakijenga upya, walimaliza na ushindi 73. Hawakuwa wakipoteza ubingwa wowote kwa kumtoa mdakaji. Timu ya ushindi 97 haipo mahali hapo. Kijana wa miaka 20 hawezi kumdakia mrushaji wako Oktoba, mwezi wa mchujo.

Kuhusu kamera: hiyo nafasi ya kupinga wanapewa watu watatu tu, mpigaji, mrushaji na mdakaji, na lazima aombe papo hapo kwa kugusa kofia, bila kuangalia benchi. Kwenye majaribio ya maandalizi ya msimu wa 2025, wadakaji ndio waliopatia zaidi kuliko wapigaji na warushaji. Ni jambo la wazi ukilifikiria, yeye ndiye aliyekaa na eneo lote mbele ya macho. Na nafasi ni mbili tu, mipira inayorushwa na timu moja inapita mia. Iliyobaki yote bado inamtegemea mwamuzi na glavu. Kwa hiyo naona thamani inahama kutoka mkononi kwenda kichwani, na mdakaji mwenye uzoefu wa kuijua pembe ya eneo atatafutwa zaidi.

Kidole na mechi nyingi, hapo umenigusa. Wamempa mzigo mkubwa mno. Ila dawa ya mzigo ni kumpumzisha, kumweka awe mpigaji tu siku mbili kwa wiki, na kumpa Quero siku hizo.

KaskaziniATL aliandika:

Wadau, mimi niko Atlanta, na dili hili la 2022 linatuuma huku kuliko mnavyodhani.

Siku Murphy alipokuja tulishangilia. Wiki mbili baadaye klabu ikamfunga kwa miaka sita, dola milioni 73. Bei nzuri kwa mdakaji wa kiwango chake wakati ule. Nusu ya kwanza ya 2023 alikuwa moto, akaitwa mechi ya nyota, akamaliza na homrani 21, timu ikashinda mechi 104. Kisha mwili ukaanza kudai chake. 2024 siku ya kwanza ya msimu aliumia msuli wa ubavuni, aliporudi wastani ukawa .193. 2025 aliumia mbavu kabla ya msimu, kisha nyonga, na Septemba wakampeleka kwenye upasuaji.

Wakati yeye yuko nje nani alisimama? Drake Baldwin, kijana tuliyemlea wenyewe, akachukua tuzo ya mchezaji bora chipukizi wa ligi ya National 2025. Kwa hiyo tulimtoa Contreras tukamlipa Murphy, na jawabu lilikuwa linakua kwenye shamba letu.

Nisieleweke vibaya. Simlaumu Murphy, mtu haombi nyonga iharibike. Na ulinzi wake akiwa mzima bado ni raha kuutazama. Ninachosema ni kwamba sisi tulinunua mlinzi aliyekamilika, ninyi mkanunua mpigaji asiyekamilika, na aliyekamilika hana pa kwenda ila chini.

Na Oakland msiwasahau. Watu wanasema walipigwa kwenye lile dili, na ni kweli Ruiz aliiba besi 67 mwaka wa kwanza, rekodi ya chipukizi kwenye ligi ya American, lakini hakudumu nao. Ila waliweza kumuuza Murphy bila kulala njaa kwa sababu tayari walikuwa na Shea Langeliers, na Langeliers tuliwapa sisi Machi 2022 tulipomchukua Matt Olson. Kijana huyo amepiga homrani 29 mwaka 2024 na 31 mwaka 2025. Walihakikisha mrithi yuko ndani kwanza, ndipo wakauza.

mdaka_mpira aliandika:

KaskaziniATL, hiyo aya yako ya mwisho ndiyo hoja yangu nzima, na umeisema vizuri kuliko mimi.

MwanaMukono aliandika:

Ndugu zangu, salamu kutoka Uganda. Huku mchezo huu umeshika mizizi, Lugazi ndiyo timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, mwaka 2012. Na mdakaji tunamjua vizuri, maana Dennis Kasumba aliyeonekana mitandaoni akifanya mazoezi na matairi, hadi akapata nafasi Frederick Keys, timu ya vijana kule Marekani, mwaka 2023, nafasi yake ni hiyo.

Mimi nilidaka nikiwa shule na bado nafundisha watoto. Naomba niongeze jambo ambalo kwenye karatasi za biashara halionekani. Timu ya ligi kuu inaruhusiwa warushaji 13 kwa wakati mmoja. Mdakaji mpya lazima awajue wote: huyu akichoka mkono unashuka upande gani, huyu akikasirika anataka kurusha kasi tu, huyu mpira wake wa kupinda unadondoka mapema kukiwa na unyevu. Huwezi kujifunza hayo kwa video. Unajifunza kwa kupigwa nao kifuani.

Ndiyo maana mimi naogopa kununua mdakaji mwezi wa Julai kuliko kumnunua Desemba. Desemba unampa wiki sita za maandalizi ya kuwazoea. Julai unamtupa mtoni. Mpigaji unaweza kumleta Julai akakupa homrani kesho yake. Mdakaji unamwomba akiongoze kikosi ambacho hajui majina ya utani ya watu wake.

Na kuanzia 2023 besi zimepanuliwa na mrushaji amewekewa kikomo cha kugeuka kumtisha anayetaka kuiba. Wizi wa besi uliruka kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503. Mkono wa mdakaji una kazi kuliko zamani. Bega la huyo Quero ndilo swali, nakubaliana na mwenye uzi.

BesiYaPili aliandika:

MwanaMukono, nimekuelewa, na suala la Julai nakubali moja kwa moja.

Lakini hebu niwape mfano ambao unanipa nguvu. Novemba 2003, Minnesota walikuwa na A.J. Pierzynski, mdakaji wa mechi ya nyota, kijana, anapiga vizuri. Wakamuuza San Francisco. Walichopata: Joe Nathan, Francisco Liriano na Boof Bonser. Nathan akawa mfungaji mechi wao kwa miaka, Liriano akawa tishio alipokuwa mzima. Pierzynski alikaa San Francisco msimu mmoja tu, wakamwacha aende bure. Hilo ni moja ya madili yaliyopotoka zaidi kwa mnunuzi, na muuzaji aliuza mdakaji akiwa kileleni.

Kwa hiyo kuuza mdakaji anayependwa si dhambi.

mdaka_mpira aliandika:

Si dhambi kabisa. Lakini maliza hadithi, mkuu: Minnesota walimuuza Pierzynski kwa sababu Joe Mauer, mdakaji kijana, alikuwa mlangoni. Mauer walimchagua wa kwanza kabisa mwaka 2001 klabu zilipogawana vijana wapya, na kila mtu aliyemwona alijua. Nipe Mauer, nitakusaidia kufungasha mizigo ya Contreras.

Na ukitaka upande wa pili wa soko, wa yule anayenunua, tuangalie Realmuto, maana klabu yoyote itakayompigia simu Milwaukee itakuwa kwenye viatu vya Phillies wa 2019. Februari mwaka ule Phillies walimchukua mdakaji J.T. Realmuto kutoka Miami. Walimtoa Sixto Sánchez, mrushaji aliyekuwa akiogopwa, na mdakaji Jorge Alfaro, na mrushaji mwingine kijana, na fedha kidogo za kusajili vijana wa nje. Walichonunua kilikuwa misimu miwili tu.

Misimu hiyo miwili walipata nini? 2019 ushindi 81 na vipigo 81. 2020 hawakufika mchujo. Realmuto mwenyewe alikuwa bora, 2019 alipiga homrani 25 akachukua glavu ya dhahabu, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake, lakini kwa kipimo cha dili lenyewe, klabu iliambulia sifuri. Faida ilikuja baada ya kumlipa upya Januari 2021, miaka mitano, dola milioni 115.5. Hapo ndipo ikaja 2022: homrani 22 na besi 21 za kuiba, mdakaji wa pili katika historia kufikisha 20 kwa 20 baada ya Iván Rodríguez. Ikaja ile homrani ya inningi ya kumi kule Houston, mechi ya kwanza ya World Series, 6 kwa 5 baada ya kuwa nyuma 5 bila.

Na Sánchez? Alianza vizuri 2020, kisha bega likamweka nje 2021, 2022, na karibu yote ya 2023. Kwa hiyo aliyeuza alipewa kijana aliyeumia, aliyenunua ikabidi alipe mara mbili. Hatari zilikuwa pande zote, na Phillies walifaulu kwa sababu walikuwa na mfuko wa kulipa mara ya pili. Milwaukee hawana mfuko huo, ndiyo maana ninakiri kwamba Contreras hatazeeka huku. Siku ya kuondoka itafika. Ninachopinga ni kuondoka kabla mrithi hajasimama.

Shangazi_Tabora aliandika:

Sasa naelewa vizuri. Mwanangu, wewe ungekuwa ndiye mwenye klabu, ungetaka upewe nini ndipo umwachie huyo kijana?

mdaka_mpira aliandika:

Shangazi, ningekuwa na masharti matatu na nisingelegeza hata moja.

La kwanza, mrushaji kijana ambaye tayari amerusha ligi kuu, siyo ahadi, mwenye misimu minne au zaidi iliyobaki chini ya klabu. Tukio la Sánchez linanitosha: mrushaji chipukizi peke yake ni bega ambalo halijajaribiwa, na sibadilishi mdakaji mzima kwa bega.

La pili, mdakaji arudi kwenye dili lenyewe. Hata asiwe nyota. Awe mwenye kasoro ambayo akina Greene wanajua kuirekebisha, kama walivyofanya kwa Narváez na kwa Contreras mwenyewe. Klabu hii ina utajiri wa ualimu kuliko wa fedha, basi ilipwe kwa sarafu inayoweza kuizidisha.

La tatu, dili lifanyike kati ya Novemba na Januari, kwa sababu alizozieleza MwanaMukono. Tulishaona Agosti 2022 kinachoupata moyo wa timu inayoongoza kundi ikitolewa mtu wake katikati ya safari. Mechi moja ilitunyima mchujo.

BesiYaPili aliandika:

Sharti la pili nalipenda, sikuwa nimeliwaza. La kwanza utalipata kwa shida, maana anayenunua Contreras ni timu inayotaka ubingwa, na timu inayotaka ubingwa haitoi mrushaji aliye tayari.

Nikuulize la mwisho. Julai 2026 ifike, Brewers wako nyuma ya kinara wa kundi kwa mechi nane, Quero anadaka vizuri siku zake mbili kwa wiki na anawatupa nje wezi wa besi. Bado utasema abaki?

mdaka_mpira aliandika:

Nyuma mechi nane, Quero yuko imara, hapo nitakuwa upande wako, na nitakuja kuandika humu humu. Julai ni mbaya kwa anayenunua. Kwa timu iliyokwisha kukata tamaa na msimu, mrithi akiwa tayari, muuzaji hapotezi sana, na mnunuzi atakuwa anapata Oktoba mbili za Contreras badala ya moja, kwa hiyo bei inapanda.

Lakini wakiwa nyuma mechi tatu au nne, nitasema abaki, hata simu ya New York ikilia. Kundi letu 2025 halikuwa na mtu aliyetufikia mwisho wa safari, na kocha wetu Pat Murphy amechukua tuzo ya kocha bora wa ligi ya National miaka miwili mfululizo akiwa na Contreras nyuma ya besi. Mechi tatu zinarudishwa wiki moja.

MwanaMukono aliandika:

Mwenye uzi, Februari maandalizi yakianza, tuwekee humu video ya Quero akirusha besi ya pili. Nitamtazama kiwiko kwanza, kama kinapanda juu ya bega au kinabaki chini. Mtu aliyepasuliwa bega akianza kujihami, kiwiko ndicho kinachomsaliti.